Dawa, Sumu na Kiuagugu: Historia ya Istilahi Moja ya Kilimo

Utangulizi

Mkulima aingiapo katika duka la pembejeo, Kitale au Iringa, kutafuta kemikali ya kumwondolea magugu shambani, aghalabu haombi "kiuagugu". Huomba "dawa". Akiulizwa ni dawa gani, huongeza kwamba ni ya magugu, au hutaja jina la biashara alilolizoea. Afisa wa kilimo anayemwandikia kijitabu cha maelekezo hutumia "kiuagugu" au "kiuamagugu", na kwa wingi "viuagugu". Mtunga sheria wa Tanzania huiweka kemikali hiyo hiyo chini ya jina pana zaidi, "kiuatilifu". Na mtu aliyeinywa kwa bahati mbaya afikishwapo hospitalini, jina hubadilika tena: sasa ni "sumu".

Kitu ni kimoja, majina ni manne. Wingi wa majina si kasoro ya lugha, kwa maana kila lugha hai huwa na jina la sokoni na jina la darasani. Lakini majina haya manne hayasemi jambo moja. Kila moja lina dai lake juu ya kemikali yenyewe, juu ya mmea unaokufa, na juu ya mtu aliyeishika mkononi. Makala haya yanafuatilia historia ya majina hayo, hasa "kiuagugu", na kuonyesha mambo mawili. Kwanza, istilahi hii imeundwa kwa kanuni safi za Kiswahili na haina haja ya kuonewa haya. Pili, pamoja na usafi huo, inaipa kemikali sifa isiyokuwa nayo, yaani uwezo wa kutambua gugu. Athari za jambo hilo la pili haziishii katika kamusi, bali hufika shambani na hata jikoni.

1. Palizi: kitenzi kilichotazama zao

Kabla ya kuja kwa kemikali, Kiswahili kilikuwa na msamiati wa kutosha wa kazi ya kuondoa mimea isiyotakikana. Palikuwa na kufyeka, kung'oa, kulimia na kupalilia. Palikuwa na majina ya jumla, kama "gugu" na "kwekwe", na majina ya mimea mahususi, kama "ndago", ule mmea wenye vitunguu vidogo ardhini ambao mkulima huukata leo na kuukuta umechipuka tena baada ya siku chache. Tanzania bara ina "kiduha", gugu lenye maua ya kupendeza ambalo mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya mahindi na mtama na kuinyonya. Wajaluo huliita "kayongo".

Katika msamiati huu wote, neno lenye uzito zaidi ni "palilia". Sintaksia yake yastahili kuangaliwa kwa makini. Mtu hupalilia mahindi, hupalilia mpunga, hupalilia migomba. Haielekei kusemwa kwamba amepalilia magugu. Yambwa ya kitenzi hiki ni zao, au shamba lenye zao, wala si mmea unaoondolewa. Magugu hutolewa, lakini sarufi haiyataji, kwa kuwa kazi yenyewe hufanywa kwa ajili ya kile kinachobaki. Ndiyo sababu kitenzi hiki kiliweza kuvuka mipaka ya shamba na kuwa na maana ya kulea na kustawisha. Amani hupaliliwa, vipaji hupaliliwa, lugha hupaliliwa, na hata chuki, kwa bahati mbaya, huwa na wapaliliaji wake. Lau kitenzi hiki kingekuwa kimsingi ni cha kuua, matumizi hayo yasingewezekana.

Kazi iliyotajwa kwa neno hilo ilikuwa pia kazi ya kuchagua. Apaliliaye kwa jembe au kwa mkono, na mara nyingi sana alikuwa na bado ni mwanamke, huinama karibu na kila shina na kuamua. Jani hili ling'olewe, na hili liachwe. Mchicha unaojiotea wenyewe kati ya mahindi huachwa mpaka ufae kuchumwa. Mnavu huachwa, na mgagani pia. Kwa hiyo palizi ilikuwa ni utunzaji wa zao, na papo hapo ilikuwa ni uvunaji wa mboga. Jambo hili litarejewa, kwa maana ndilo linaloitia istilahi ya kisasa katika majaribu.

2. Gugu: hukumu wala si jamii ya mimea

Gugu ni nini? Katika kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939 chini ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, neno hili linahusishwa na majani na vichaka vya porini, na pia na mimea isiyotakikana shambani. Maana hizo mbili zina uhusiano. Gugu ni pori lililoingia mahali ambapo mwanadamu amekwisha kuweka mipaka yake. Lakini botania haina jamii ya mimea inayoitwa magugu. Mmea mmoja huweza kuwa gugu kwa mtu huyu na kitoweo kwa yule, au kuwa gugu mwezi huu na mboga mwezi ujao. Hata mhindi uliojiotea katika shamba la maharagwe kutokana na punje za msimu uliopita huweza kuhesabiwa gugu. Neno hili, basi, halitaji umbile la mmea. Linataja hukumu iliyotolewa na mwenye shamba.

Ukweli huu haukuanza kutambuliwa na wataalamu wa leo. Tafsiri ya Biblia ya Kiswahili ya muungano, iliyokamilishwa mwaka 1952, ilitumia "magugu" katika mfano wa ngano ulioko katika sura ya 13 ya Injili ya Mathayo. Watumishi wa shamba wanataka kwenda kuyang'oa, na mwenye shamba anawakataza, akihofia kwamba ngano nayo ingeng'oka pamoja nayo. Ukiacha mafundisho ya kidini ya mfano huo, msomaji wa lugha anaona humo tatizo halisi la kilimo: kujua ni lipi gugu si sawa na kuwa na uwezo wa kuliondoa peke yake.

Karne ya ishirini ilileta mfano mwingine katika Ziwa Viktoria. Mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, ambao ulisambazwa katika nchi nyingi za joto kwa sababu ya uzuri wa ua lake, ulionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika muda mfupi uliziba ghuba na bandari, ukawazuilia wavuvi njia. Kiswahili kikauita "gugumaji", na kwa wingi "magugumaji". Neno hilo limeundwa kwa ufundi, na ndani yake mna hukumu. Ua la bustani limegeuka gugu kwa sababu ya mahali lilipofika na madhara liliyofanya. Katika miaka ya 1990 ulizuka mjadala mkali kuhusu kunyunyizia kemikali juu ya maji ambayo watu wanayanywa na kuvua samaki wake. Sehemu kubwa ya jitihada ikaelekezwa kwenye kuyang'oa kwa mikono na mashine, na kwenye aina ya fukusi walao mmea huo. Waliolipinga dawa hawakubisha kwamba mmea ule ni gugu. Walichouliza ni kama dawa ingelijua gugu na kuacha vilivyobaki.

3. Kemikali baada ya 1945

Kuua mimea kwa kemikali hakukuanza katikati ya karne ya ishirini. Chumvi na misombo ya aseniki ilikwisha kutumiwa, hasa kandokando ya njia za reli na mahali ambapo hapakukusudiwa kuota kitu chochote. Mabadiliko makubwa yalikuja wakati wa Vita Vikuu vya Pili, pale wanasayansi wa Uingereza na wa Marekani, kila upande kwa utafiti wake na kwa siri ya vita, walipogundua kemikali zinazoiga auksini, homoni ya ukuaji wa mmea. Mashuhuri kati ya hizo ni 2,4-D, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1945. Mmea wenye majani mapana ukiipata hukua ovyo, hujipinda na kufa, lakini mimea ya jamii ya nyasi, kama ngano na mahindi, huvumilia. Mwaka 1958 kampuni ya Geigy ya Uswisi ilileta atrazini, iliyokuja kutumiwa sana katika mahindi. Mwaka 1962 kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kuuza parakwati, inayounguza kila jani bichi inaloligusa. Mwaka 1970 John Franz wa kampuni ya Monsanto alitambua nguvu ya glaifosati, nayo ikaingia sokoni mwaka 1974 kwa jina la Roundup.

Orodha hii fupi ina jambo moja la kuzingatiwa na mwanaistilahi. Kemikali hizi ni za namna mbili. Zipo zinazobagua, kama 2,4-D na atrazini, ambazo katika kipimo chake huua mimea ya aina fulani na kuiacha mingine. Zipo zisizobagua, kama parakwati na glaifosati, ambazo kwa kawaida huua karibu kila mmea wa kijani zinaoufikia, isipokuwa ule ulioumbiwa au kutengenezewa kinga. Hata zile zinazobagua hazibagui kwa kigezo cha gugu na zao. Zinabagua kwa umbile la mmea. Kwa 2,4-D, haragwe ni mmea wa majani mapana kama mwingine wowote. Mkulima aliyepanda mahindi na maharagwe pamoja, kama wafanyavyo maelfu ya wakulima wa Kenya, akiinyunyizia 2,4-D kwa kuamini kwamba ni dawa ya magugu ya mahindi, atapoteza maharagwe yake. Kemikali haitakuwa imekosea. Itakuwa imefanya sawasawa na maumbile yake, na kosa litakuwa katika daraja iliyounganisha maumbile hayo na akili ya mkulima, yaani katika jina na maelezo.

Mfano mzito kupita yote ulitokea mbali na Afrika. Kati ya 1962 na 1971 majeshi ya Marekani yalinyunyiza kutoka angani, juu ya misitu na mashamba ya Vietnam, kemikali zilizochanganya 2,4-D na 2,4,5-T. Hiyo ya pili ilikuwa na uchafu wa dioksini, sumu kali idumuyo ardhini na mwilini. Mchanganyiko ulioenea zaidi ulipewa jina la rangi ya chungwa kwa sababu ya mstari uliopakwa kwenye mapipa yake. Kemikali hizo zilikuwa za jamii ile ile ambayo mashambani huitwa viuagugu, lakini misitu ya Vietnam haikuwa gugu la mtu, na mpunga ulioharibiwa ulikuwa chakula. Wavietnam hawakukubali jina la pipa peke yake. Katika lugha yao waliita kitu hicho sumu ya rangi ya chungwa. Nyongeza ya neno moja tu, "sumu", ilirudisha katika jina kile ambacho rangi ilikifunika.

4. "Dawa ya": kiunganishi chenye nyuso mbili

Kamusi ya 1939 isingeweza kuwa na istilahi ya kemikali ambazo hazijagunduliwa. Kemikali zilipofika Afrika Mashariki baada ya vita, zikianzia hasa katika mashamba makubwa, zilikuta neno moja lililokuwa tayari kuzipokea. Neno hilo ni "dawa".

"Dawa" limetokana na Kiarabu, na asili ya maana yake ni tiba. Katika Kiswahili lilipanuka mapema. Lilichukua tiba ya tabibu, lilichukua pia kago na hirizi za mganga, na baadaye likachukua karibu kila kitu kilichotengenezwa ili kuleta badiliko fulani. Kuna dawa ya macho na dawa ya kikohozi, dawa ya meno na dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya panya. Mwenye kuijua lugha hachanganyikiwi. Lakini mgeni atakayeitazama orodha hii ataona kwamba kiunganishi "-a" kinafanya kazi mbili zinazopingana. Katika "dawa ya macho", macho ni kinachofaidika. Katika "dawa ya panya", panya ni kinachokufa. Sarufi ni moja. Kinachotofautisha ni maarifa ya msikilizaji juu ya ulimwengu.

Si haki kusema kwamba matumizi hayo ya pili ni upotofu ulioletwa na maduka. Methali ni mashahidi. "Dawa ya moto ni moto", na "dawa ya deni ni kulipa". Humo "dawa ya" kitu fulani ni kile kinachokikomesha. Kwa mujibu wa mantiki ya methali, "dawa ya magugu" ni usemi halali kabisa. Tena methali ya kwanza inajua jambo ambalo tangazo la biashara halipendi kulisema: kinachoukomesha moto nacho ni moto, na chaweza kumwunguza anayekitumia.

Hata hivyo, neno hubeba historia yake yote kila linapotamkwa. Maadamu "dawa" ni neno lile lile la chupa ya mtoto mgonjwa, uzito wake katika nafsi ya msikilizaji huegemea upande wa manufaa. Utata huongezeka jina linapofupishwa. "Dawa ya mahindi" yaweza kuwa ya kuyahifadhi ghalani yasiliwe na fukusi, au ya kuua viwavi, au ya kuangamiza magugu kati ya mistari. Katika usemi wa "kupiga dawa", unaosikika sana Tanzania, hata kinachopigwa hakitajwi. Jina la biashara nalo, linapogeuka kuwa nomino ya kawaida na kutumiwa kwa kemikali yoyote ya magugu, humnyima mkulima kabisa habari ya kilichomo ndani ya chupa.

5. Kuundwa kwa "kiuagugu"

Juhudi za kuunda istilahi za taaluma kwa Kiswahili zilipata nguvu mpya Tanzania katika miaka ya 1960 na 1970. Chuo cha uchunguzi wa lugha kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Katika mazingira hayo familia ya maneno yanayoanza kwa "kiua-" ilizidi kukua katika maandishi ya sayansi: kiuadudu, kiuakuvu, kiuavijasumu, kiuagugu.

Muundo wake ni wa kale. Ni kiambishi "ki-", kisha shina la kitenzi lenye irabu "a" mwishoni, kisha nomino iliyo yambwa ya kitenzi hicho. Kwa muundo huo huo Kiswahili kilipata "kifunguamimba" na "kitindamimba" kwa mtoto wa kwanza na wa mwisho, "kivunjajungu" kwa mdudu, na "kifunguakinywa" kwa chakula cha asubuhi. Kwa muundo huo huo zama mpya zilipata "kipazasauti" na "kizimamoto". Kwa hiyo anayelalamika kwamba "kiuagugu" ni neno la kubuniwa mezani hana budi kukumbushwa kwamba meza hiyo ilikuwa na kiolezo kilichochongwa na wazee.

Swali la "kiuagugu" au "kiuamagugu" laweza kujibiwa kwa msingi huo huo. Nomino iliyo ndani ya neno ambatani la namna hii hutaja jinsi ya kitu, haihesabu vitu. Kizimamoto huzima mioto mingi na bado ni kizimamoto. "Kiuagugu" ni fupi, lafuata desturi hiyo, na wingi wake "viuagugu" hautatizi. "Kiuamagugu" si kosa, lakini halina faida iliyozidi. Utata mdogo uliopo ni wa macho. Kwa kuwa "ua" ni kitenzi cha kutoa uhai na papo hapo ni nomino ya kichanua cha mmea, msomaji mchanga aweza kudhani "kiua" ni ua dogo. Muktadha humsahihisha mara moja.

Jina la jumla, "kiuatilifu", lina historia nyingine. Ndani yake mna "tilifu", neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kuharibu na kuangamiza. Kiuatilifu ni kiuacho viharibifu, viwe wadudu, kuvu, panya au magugu. Neno hili limepata heshima ya kisheria: mamlaka iliyoundwa Tanzania kwa sheria ya mwaka 2020 inaitwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kenya, ambayo ilitunga sheria yake ya kudhibiti bidhaa hizo mwaka 1982, iliitunga kwa Kiingereza, na istilahi ya Kiswahili ikaachiwa watafsiri wa vibandiko. Udhaifu wa "kiuatilifu" ni kwamba "tilifu" halisikiki tena sana katika mazungumzo ya kila siku. Neno linasimama imara katika sheria, lakini maana yake haijifunui kwa mkulima.

6. Nani anayeua, na nini kinauawa?

Yafaa sasa kulinganisha "kiuagugu" na usemi mrefu ambao wengi huuona kuwa ni wa kienyeji mno, yaani "dawa ya kuulia magugu". Kauli ya kutendea katika "kuulia" hapa inaonyesha ala, kama ilivyo katika "kisu cha kukatia nyama" na "jembe la kulimia". Kisu hakikati. Mtu hukata kwa kisu. Vivyo hivyo, katika "dawa ya kuulia magugu" kuna mtu asiyetajwa ambaye ndiye mwenye kuua, na dawa ni chombo mkononi mwake. Sarufi imemwekea nafasi na, pamoja na nafasi hiyo, wajibu. Katika "kiuagugu" nafasi hiyo imefungwa. Kemikali yenyewe imekuwa mtenda, na mtu ametoweka. Kinachopatikana kwa ufupi wa neno hulipiwa kwa kumpoteza mwenye dhamana.

Sehemu ya pili ya neno ndiyo yenye dai kubwa zaidi. Neno la Kilatini lililo asili ya istilahi ya lugha nyingi za Ulaya linaundwa na "herba", yaani mmea au jani, na kitenzi cha kukata na kuua. Kiarabu nacho husema "mubid al-a'shab", kiangamizacho majani. Majina hayo ni makali, lakini ni ya kweli: yanataja mimea, hayataji hukumu. Kiswahili, kwa kuchagua "gugu", kimeiweka hukumu ya mwenye shamba ndani ya kemikali, kana kwamba imefundishwa kutambua. Msomaji wa "kiuagugu" anaahidiwa kwamba kitakachokufa ni gugu. Lakini glaifosati haiujui mnavu, wala haijui kwamba mgagani ule ulikuwa umeachwa kwa ajili ya chakula cha jioni. Katika palizi, aliyeamua ni yule aliyeinama. Katika unyunyizaji, uamuzi umekwisha kufanywa na umbile la kemikali, mbali na shamba, na mboga za porini zimeingizwa katika hukumu ile ile bila kusikilizwa.

Hapa ndipo tofauti ya "palilia" na "kiuagugu" inapodhihirika. Kitenzi cha kale kilitazama zao na kunyamazia gugu. Istilahi mpya inatazama gugu na kunyamazia zao. Zana zilipobadilika, macho ya lugha nayo yaligeukia upande mwingine.

7. Neno kwenye chupa

Vibandiko vya kemikali hizi nchini Kenya huwa na maelezo ya Kiingereza na ya Kiswahili. Vina mkanda wa rangi pia, mwekundu, wa njano, wa buluu au wa kijani, kwa kadiri ya ukali wa sumu. Kijani humaanisha ukali mdogo kuliko mingine, hakimaanishi usalama. Lakini msomaji aliyezoea kwamba kijani ni rangi ya mimea hai, na kwamba dawa ni kitu cha kuponya, amepewa ishara mbili za faraja kabla hajafika kwenye onyo.

Maduka madogo huongeza hatari nyingine. Kemikali humiminwa katika chupa tupu ya soda kwa ajili ya mnunuzi asiyemudu lita nzima, na kibandiko hubaki dukani. Tangu hapo kilichobaki na kemikali ni jina la mdomo tu. Ikiwa jina hilo ni "dawa", chupa itawekwa mahali pa dawa. Parakwati haina kiondoa sumu kinachojulikana, na kiasi kidogo chake kikinywewa huweza kuua. Watengenezaji wenyewe walilazimika kuitia rangi ya buluu, harufu mbaya na kitu cha kutapisha ili isidhaniwe kuwa kinywaji. Kemia ilikubali kujiongezea alama za onyo, na haielekei kuwa ni jambo kubwa mno kuitaka istilahi nayo ifanye hivyo.

Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa haielekezi kwenye kufutwa kwa "dawa". Neno lililokita katika methali haliondolewi kwa waraka, na hakuna sababu ya kuliondoa katika mazungumzo. Haielekezi pia kwenye kutupwa kwa "kiuagugu", ambalo ni neno zuri kwa muundo na limekwisha kuzoeleka katika maandishi. Inachodai ni kwamba kila neno lipewe mipaka yake.

"Kiuagugu" lingefaa kubakizwa kwa kemikali zinazobagua, na kila mara liambatane na jina la zao linalovumilia na la mazao yasiyovumilia, ili mwenye mahindi na maharagwe ajue mapema. Kwa kemikali zisizobagua, "kiuamimea" lingesema ukweli zaidi, kwa maana mimea ndiyo inayokufa, iwe imehukumiwa na mwenye shamba au haikuhukumiwa. Katika maelekezo ya matumizi, usemi wa "kuulia" urudishwe bila haya, kwa kuwa unamweka mtumiaji mahali pake. Na kwenye kibandiko, neno "sumu" litangulie mengine yote, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa jina la biashara.

Wanaistilahi wa Kiswahili wamezoea kupima neno kwa ufupi wake, kwa usarufi wake na kwa wepesi wa kukubalika. Historia ya "kiuagugu" inaongeza kipimo cha nne: je, mtu asiyejua kitu chochote zaidi ya jina hilo atakuwa salama? Chupa isiyo na kibandiko, iliyo juu ya rafu nyumbani, hailindwi na kamusi wala sheria. Inalindwa na neno moja alilolitamka yule aliyeileta.